Chumvi ya Shangazi Matika

Juzi tulipomzika mama, mchungaji alisimama penye kaburi akasema kwamba marehemu alikuwa chumvi ya dunia. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Karani mmoja mzee, aliyewahi kuandikia Waingereza ofisini, akaniinamia sikioni akaniambia kwamba hata wazungu wale husema hivyo hivyo wanapomsifu mtu asiye na makuu, mkulima au fundi, mtu anayefanya kazi yake bila kelele na wengine wakaishi vizuri kwa sababu yake. Kwao ni sifa kubwa, alisema. Nikamshukuru. Lakini sikulia, na wapo walioona kwamba sikulia, na maneno yameshaanza huko Miyuji kwa ndugu zetu. Siwalaumu. Ningekuwa mimi ndiye ninayetazama ningesema pia.

Nimeona heri niandike. Nilisoma miaka miwili tu, na nusu ya miaka hiyo nilikuwa nachunga, kwa hiyo hati yangu inachechemea na mawazo pia. Tena habari yenyewe ni ya zamani, enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, na kichwa changu cha wakati ule kilikuwa kichwa cha mtoto. Wenzangu wa rika langu mliokula chumvi nyingi mtajua wapi nimekosea. Mimi nitaandika ninachokikumbuka, na nisichokikumbuka nitasema sikikumbuki.

Kwetu ni bondeni upande wa Hombolo, pale ambapo sasa maji ya bwawa yamefunika. Kabla ya maji hayo palikuwa na mbuga nyeupe. Kiangazi kikikaza, ardhi inatoa jasho lake, na jasho hilo linakauka juu kama ukoko wa uji. Huo ndio ukoko wa chumvi. Wanawake walikuwa wanaukwangua kwa kipande cha kibuyu, wanaujaza kwenye vikapu, kisha wanaumimina kwenye kibuyu kikubwa kilichotobolewa chini na kuzibwa kwa nyasi. Unamwaga maji juu, maji yanapita polepole kwenye udongo, yanadondoka kwenye chungu. Tone la kwanza ni kali, ndilo la chumvi ya kula. Ukimwaga maji mara ya pili, unapata chumvi ya ng'ombe. Ukiwa mlafi ukamwaga mara ya tatu, unapata uchungu mtupu, magadi yasiyofaa hata mlenda. Udongo uliobaki unatupwa kando. Kulikuwa na kichuguu kikubwa cha udongo huo, tulikiita kifusi, na njia ya kwenda mtoni ilipita juu yake. Sote tulikikanyaga kila siku.

Harufu ya chungu cha chumvi kikichemka siwezi kuieleza vizuri. Si harufu ya chakula. Ni kama mvuke wa mvua ya kwanza uliochanganyika na majivu, na unakaa kwenye nywele za mama zako mpaka masika.

Kila mwanamke alikuwa na kiwanja chake pale mbugani. Kiwanja chetu kilikuwa cha bibi mzaa baba. Alipozeeka alimpa mama yangu, mkwewe, kwa kuwa binti yake wa pekee, Shangazi Matika, alikuwa ameolewa mbali. Mama alikitumia miaka mingi. Kisha bibi akafa, na baada yake shangazi akarudi.

Shangazi Matika sikumpenda. Naliandika wazi ili msomaji apime. Na kwa kuwa sikumpenda, nitaanza na mazuri yake, nisije nikaonekana namwonea aliyekwisha kufa.

Alirudi kwa sababu mume wake alitwishwa mizigo ya Wadachi kwenda magharibi na hakuonekana tena. Hakuna aliyekuja kusema amekufa, hakuna aliyekuja kusema yu hai. Alikuja na kikapu kimoja. Baba akampa chumba cha mwisho katika tembe yetu, kile chenye kuvuja. Hakulalamika. Alifanya kazi kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Na katika chumvi hakuwa na mwenzake. Alikuwa anainama mbugani, anatia udongo kidogo kwenye ncha ya ulimi, anatema, anasema, "Hapa bado siku tatu," au, "Hapa pamekufa, twende kule." Hakukosea. Mama yangu alikwangua popote palipokuwa peupe.

Tena ni yeye aliyenifundisha mimi. Hili linaniuma kuliandika. Alinikalisha juu ya jiwe akaniwekea chembe mahali mbalimbali pa ulimi, mbele, kando, nyuma, akaniuliza nasikia nini. Nikikosea alinifinya sikio. Nikipatia hakusema kitu, aliendelea na nyingine.

Sasa ubaya wake. Ulimi wake ulikuwa na miiba. Mama akiweka mboga mbele ya watu, shangazi anaonja, anaweka tonge chini, anasema kwa upole kabisa, "Wifi, mboga yako imelala. Iamshe basi." Watu wanacheka. Baba naye anacheka, na hilo mama hakulisahau. Siku nyingine alisema kaka yake ni mvumilivu, kwamba mwanamume mwingine angekuwa ameshawasha jiko la pili. Mama akamjibu, "Wewe uliyekolea mbona umerudishwa na upepo?" Nakiri kwamba jibu la mama lilikuwa baya kuliko matani ya shangazi, maana lilimgusa mume aliyepotea. Lakini siku ile nilifurahi. Nilitamani mama aliseme tena.

Na lipo jambo moja kubwa zaidi. Masika yaliyotangulia ugomvi wa kiwanja, mdogo wangu wa kiume alikufa, akiwa bado ananyonya. Shangazi alisema kwamba maziwa ya mama yangu hayakukolea, ndiyo maana mtoto hakushika. Mtu akisema neno kama hilo juu ya mama yako, utamchukia mpaka mifupa. Mimi nilimchukia. Nilimwekea mwiba kwenye ngozi yake ya kulalia. Nilimtemea maji yake ya kunywa. Lakini miaka hii nimejaribu kulisikia neno lile kwa sauti ya shangazi, silisikii. Nalisikia kwa sauti ya mama, akinifunga kaniki asubuhi, akisema, "Unajua shangazi yako alisema nini?" Sijui basi kama lilisemwa. Labda lilisemwa. Shangazi alikuwa mtu wa kuweza kulisema.

Ugomvi wa kiwanja ulianza siku ya kwanza ya kiangazi. Shangazi alimkuta mama amekwisha kuweka kibuyu chake cha kuchujia. Akaweka na chake pembeni. Mama akamwuliza anafanya nini.

"Nakwangua kwa mama yangu," alisema shangazi. "Wewe unakwangua kwa nani?"

"Nakwangua nilipopewa."

"Ulipewa kushika, wifi. Hukupewa kumeza."

Wakaacha kusemezana. Walikwangua kiwanja kimoja, mmoja akianzia huku na mwingine kule, na kila siku walikaribiana. Baba aliombwa aamue, akasema mambo ya chumvi ni ya wanawake, akaenda kuangalia ng'ombe. Ndivyo alivyokuwa baba. Mambo yote yaliyotupata yangeweza kukatwa kwa neno lake moja, naye alikuwa na ng'ombe wa kuangalia.

Sasa lazima niseme habari za Mwalimu. Misheni ilikuwa imemleta, kijana kutoka upande wa Mpwapwa, Mgogo kama sisi lakini mwenye kanzu na Kiswahili cha vitabu. Tulisoma nje ya nyumba yake asubuhi kabla ya kuchunga. Siku moja alitufundisha kwamba sisi wanafunzi ni chumvi ya dunia. Akaeleza kwamba chumvi ikipoteza ladha haina faida tena, watu huitupa nje na kuikanyaga. Wenzangu waliguna tu. Mimi nilielewa. Nadhani katika darasa lile, na Mwalimu mwenyewe akiwemo, hapakuwa na mtu aliyeelewa kuliko mimi, maana nilikiona kifusi. Nilimwona Mungu amekaa mbugani na kibuyu kikubwa, watu wamejazwa ndani kama udongo, anawamwagia maji, kinachodondoka ni wema wao, na mtu asiye na kitu cha kudondosha anapelekwa kifusini. Nikajua papo hapo ni nani atakayetupwa.

Mwalimu alilitumia neno lile kwa kila kitu. Ukijibu hesabu sawasawa, wewe ni chumvi. Ukichelewa, unapigwa fimbo na kuulizwa, "Chumvi gani wewe?" Hata jumbe alipopita alimwita hivyo, na jumbe akapendezwa ingawa sidhani alijua ameitwa nini. Nyumbani mama akalichukua. Alisema, huku akijua anasikika, kwamba katika nyumba hii yumo aliyepoteza ladha. Nami nilimpelekea shangazi neno lile zima, nikitaka limchome.

Alikuwa anachochea moto. Alicheka mpaka akakohoa.

"Chumvi ya dunia," alisema. "Chumvi yote ni ya dunia, binti wa kaka. Huyo mwalimu wenu anadhani nyingine inatoka wapi, mawinguni?" Kisha akaacha kucheka, akaniambia kitu ambacho sijasikia mchungaji yeyote akikisema. Alisema chumvi haiharibiki. Unaweza kuichanganya na uchafu, unaweza kuichuja vibaya, lakini chumvi yenyewe inabaki chumvi. "Ukionja ukasema imeharibika, tazama kwanza mkono ulioichuja. Kisha tazama ulimi wako."

Mimi nilimwona anabishana na Mungu. Nilikimbia nikamwambia mama.

Ugomvi ukafika kwa jumbe. Jumbe wetu aliwekwa na Wadachi, si wa ukoo wa watemi, na kwa hiyo alipenda sana kuamua mashauri, hata yasiyomfikia aliyafuata. Alisikiliza kila mmoja. Nitasema haki yake, shauri alilotoa halikuwa la kijinga. Alisema wanawake wawili hawawezi kukwangua ukoko mmoja, na bibi aliyekuwa na kiwanja hayupo aulizwe. Basi chumvi iseme. Kila mmoja atengeneze chumvi yake ya tone la kwanza, ionjwe kwa desturi, ambaye chumvi yake ni njema abaki, na mwingine aondoke asirudi kwenye kiwanja kile.

Kwa shangazi kuondoka kiwanjani ilikuwa ni kuondoka kabisa. Mwanamke aliyerudi kwao bila mume, bila mtoto, bila shamba, atakula nini? Chumvi ndiyo ilikuwa mahali pake pa kusimama. Mama yangu alikuwa na baba yangu na mashamba ya uwele. Nilijua jambo hilo hata wakati ule. Ndiyo maana nilitaka lije.

Na desturi ya kuonja ilikuwa hivi. Mtengenezaji haonji chumvi yake kwa kuitolea hukumu, kwa sababu ulimi wake umechoka kwa udongo na mvuke. Huonja msichana ambaye hajavunja ungo. Anakuja na tumbo jepesi, anasukutua kwa maji baridi. Anaulizwa, "Kinywa chako kizima?" Akiwa ana kidonda, au ameungua, au amekula kitu kikali, anasema si kizima, na watu wanarudi kesho. Si aibu. Akisema kizima, anaonja, na neno lake halibishwi na mtu. Msimu ule msichana wa kuonja nilikuwa mimi.

Watu walinung'unika. Mtoto wa mmoja wa wenye shauri ataonjaje? Jumbe akataka kutafuta mwingine. Aliyekataa ni shangazi. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya mguu wa baba, nikamsikia.

"Ni damu yangu," alisema. "Na ulimi ule nimeutengeneza mwenyewe. Aonje huyo huyo."

Siku yenyewe mama aliniamsha mapema akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu. Alisema nina joto. Mimi sikujisikia joto, lakini mtoto anajua nini, na homa ilikuwa inazunguka, watoto wawili jirani walikuwa wamelala. Alinipa uji mwembamba akaniambia nipitie kwa Mwalimu, anipe dawa ya homa, kisha nije moja kwa moja mbugani. Nikaenda. Mwalimu alikuwa na unga mweupe wa Wadachi, kwinini, aliopewa kwa ajili ya wanafunzi. Aliukoroga kwenye kikombe cha bati akanisimamia mpaka nikamaliza. Mlioinywa mnajua. Uchungu ule hauishi mdomoni. Unashuka kooni na kupanda tena. Nililamba ukuta wa tembe yake kupata ladha nyingine, nikapata uchungu wa ukuta.

Nilipofika mbugani watu wamekaa. Jumbe juu ya kigoda, kofia yake nyekundu imesimama. Mama upande huu, na chumvi yake kwenye jani. Shangazi upande ule, na yake. Kwa macho zilikuwa tofauti. Ya mama ilikuwa na wekundu kidogo. Ya shangazi ilikuwa nyeupe, imeshikana, chembe zake nyembamba. Mtu mwenye macho angeweza kuamua bila ulimi. Lakini desturi si ya macho.

Nilisukutua. Jumbe hakujua swali linalofuata, akaniambia nionje. Shangazi akainua mkono. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, uso wake ukiwa sawa na wangu, akaniuliza yeye mwenyewe.

"Kinywa chako kizima?"

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili tu, si kizima, na sote tungerudi nyumbani, na kesho yake ningeonja kwa haki. Nimejiuliza kama nilimwogopa mama. Sikumtazama mama. Nimejiuliza kama nilikuwa sijaelewa. Nilielewa, aliyenifundisha alikuwa amechuchumaa mbele yangu. Nilimtazama machoni, nikaona ananiamini, na imani ile ikaniudhi. Nilijiona nimeshika kitu ambacho yeye hawezi kuninyang'anya.

"Kizima," nilisema.

Nikaonja ya mama. Chungu. Nikasukutua, nikaonja ya shangazi. Chungu vile vile. Kwa ulimi ule ungenipa asali ningesema ni mwarobaini. Nikasimama kama nafikiri. Kisha nikaionyesha ya shangazi kwa kidole nikasema kwa Kiswahili cha Mwalimu, ili jumbe ajue nimesoma, kwamba hii imepoteza ladha, inafaa kutupwa nje.

Mwanamke mmoja akasema polepole kwamba labda mtoto arudie. Jumbe akasema neno la mwonjaji halirudiwi, na kwa hilo alikuwa sahihi, ndivyo desturi ilivyokuwa.

Shangazi hakuwa ameinuka. Alichukua chembe ya chumvi yake akaiweka ulimini, akafumba macho. Akachukua chembe ya mama, akafanya vile vile. Kisha akanitazama, akanishika kidevu, akauliza, "Umekula nini asubuhi?"

"Uji."

"Na nini?"

Mdomo wangu ulikuwa umejikunja wenyewe, kama unavyojikunja kwa kwinini, na nadhani aliona. Alimgeukia mama, akamtazama muda mrefu. Mama alikuwa anafunga chumvi yake kwenye jani, anafunga na kufungua, anafunga na kufungua.

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumwita Mwalimu, na Mwalimu hakuwa mwongo, angesema. Jumbe angelazimika kurudia. Sijui kwa nini hakufanya hivyo. Nimefikiri mambo mengi. Labda alikuwa amechoka kuwa mtu wa chumba cha mwisho. Labda aliona kwamba hata akishinda, atakwangua maisha yake yote pembeni ya watu waliofanya vile. Au labda alinihurumia, maana mwonjaji akikutwa ameongopea chumvi alichapwa, na watu hawakulichukua tena neno lake maishani. Hili la mwisho silipendi, kwa hiyo huenda ndilo.

"Mtoto amesema," alisema.

Akainuka. Akaimwaga chumvi yake juu ya kifusi kama desturi inavyotaka, yote, bila kubakiza ya mboga. Akamwambia mama neno moja tu, na hakulisema kwa ubaya. "Kaa basi, wifi. Lakini jifunze kuacha tone la tatu." Akachukua kibuyu chake cha kuchujia, akakikung'uta, akaenda. Hakupita nyumbani kumuaga baba. Kesho yake baba aliuliza yuko wapi dada yake, akaambiwa, akasema aah.

Baadaye tulisikia yuko Kikuyu, kijiji cha huku huku kwetu Ugogoni, karibu na mahali ambapo watu wa reli walikuwa wamepiga kambi, anawapikia pombe. Sikwenda kumwona. Nilikuwa na miguu na njia niliijua. Alikufa katika njaa ile kubwa iliyokuja na vita, Wadachi walipochukua ng'ombe na Waingereza wakachukua waliobaki, na aliyeleta habari hakujua amezikwa wapi. Mama alipoambiwa alisema, "Maskini." Nadhani alimaanisha. Mama hakuwa mtu mbaya kwa watu wengine. Alilisha wengi katika njaa ile, aligawa uwele wake mpaka sisi wenyewe tukala mizizi, na waliosimama kaburini juzi wakitikisa vichwa wengine walikuwa watoto aliowalisha. Mchungaji hakudanganya. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa mkono wangu hautaki.

Lakini yapo ya kesho yake, ambayo sijamwambia mtu.

Kulipokucha uchungu ulikuwa umetoka mdomoni. Nilijua kwa sababu uji ulikuwa na ladha ya uji. Nilitoka kabla ya mbuzi, nikaenda mbugani peke yangu, nikapanda juu ya kifusi. Chumvi ya shangazi ilikuwa bado ipo, mvua haikuwa imenyesha wala watu hawajaanza kupita. Ilikuwa imelala juu ya udongo mwekundu, nyeupe. Nikapiga magoti, nikaokota chembe, nikaipuliza vumbi. Nikaiweka mbele ya ulimi, kisha kando, kisha nyuma, kama nilivyofundishwa.

Ilikuwa tone la kwanza, safi. Haikuwa na uchungu hata kidogo. Sijaonja nyingine kama ile, na nimekula chumvi ya dukani, ya mawe na ya magunia, ya Wahindi na ya Waingereza.

Nikaokota nyingine. Nilikuwa bado nimepiga magoti nilipoona kivuli cha mama kimefika mikononi mwangu. Alikuwa amebeba kikapu cha udongo uliokwisha kuchujwa. Sikusikia alivyokuja.

"Mama," nilisema, "hii ni nzuri."

Alinitazama. Namkumbuka vizuri, alikuwa kijana, nywele zake zina mvuke. Nilidhani atanipiga. Nilidhani pia, kwa muda mfupi, kwamba atatua kikapu, kwamba tutakimbia wote wawili kumfuata shangazi, maana hakuwa amefika mbali, mtu mwenye kibuyu kichwani haendi haraka.

"Ya jana yalikwisha semwa," alisema.

Kisha akainamisha kikapu. Udongo ukamwagika juu ya chumvi, ukaifunika, ukafunika na mikono yangu mpaka vifundoni. Alisubiri niitoe mikono. Akaniambia nisimame, nipashindilie pawe sawa, watu wanakuja kupita wasije wakajikwaa.

Nikapashindilia. Kwa miguu yote miwili, nikizunguka kutoka pembeni kwenda katikati, vizuri kabisa, mpaka aliposema basi.